Elimu endelevu ya magonjwa ya kuambukiza kwa watu wazima: ipi inamfaa daktari wa Dar?

Muda wa kuhuisha leseni ukikaribia, makundi ya WhatsApp ya madaktari wa Dar huchangamka kwa swali moja: pointi za elimu endelevu zinapatikana wapi kwa haraka? Viungo vinarushwa, mtu anasema kuna semina Ijumaa, mwingine anauliza kama kuna posho. Ni haki yao, leseni ni kazi. Lakini pointi unaweza kuzipata kwa kusikiliza mhadhara wa ugonjwa ambao hutauona maisha yako yote, na Jumatatu ukarudi wodini ukiwa vile vile.

Ulinganisho huu ni wa daktari, tabibu au muuguzi anayehudumia watu wazima hapa mjini na anayetaka kujua zaidi kuhusu VVU, kifua kikuu, malaria, dengue, nimonia, sepsisi (mwili kuzidiwa na maambukizi hadi viungo kushindwa kazi), homa ya uti wa mgongo na maambukizi ya hospitalini. Msimamo wangu nautoa mapema. Kozi ya kuchagua ni ile iliyoandaliwa na watu wanaotibu mgonjwa anayefanana na wako, wakiwa na maabara inayokaribiana na yako. Jina la chuo na uzuri wa cheti vinafuata nyuma. Kwa kipimo hicho kozi ya bei kubwa inapigwa chini katika mambo kadhaa, na katika machache inashinda bila ubishi.

Zilizopo mezani

Ya kwanza ni kozi ya kulipia kutoka Marekani au Uingereza, kama ile ya magonjwa ya kuambukiza kwa watu wazima ambayo Harvard Medical School ya Boston imekuwa ikiitoa kwa miaka mingi: mihadhara mingi ya mabingwa, moja kwa moja au kwa video. Ya pili ni kozi za bure mtandaoni. WHO walianzisha jukwaa la OpenWHO mwaka 2017 na baadaye wakaja na WHO Academy. Kwenye FutureLearn, jukwaa la kozi za mtandaoni, kuna kozi ya matumizi sahihi ya antibayotiki iliyoandaliwa na Chuo Kikuu cha Dundee pamoja na chama cha Uingereza cha wataalamu wa dawa hizo, tangu 2015. Ya tatu ni mafunzo ya hapa hapa: semina za Wizara ya Afya na wadau wake, kozi fupi za MUHAS (chuo kikuu cha afya cha Muhimbili), makongamano ya vyama vya kitaaluma. Ya nne ni mkutano wa kesi, uwe wa asubuhi hospitalini kwako au wa kwenye skrini kwa mtindo wa ECHO nitakaoueleza mbele. Ya tano, kwa mwenye nafasi, ni diploma ya tiba ya tropiki ya Afrika Mashariki inayoendeshwa na London School of Hygiene & Tropical Medicine pamoja na vyuo vya hapa, ikifundishwa Moshi na Kampala kwa takriban miezi mitatu.

Mgonjwa aliye kichwani mwa mwalimu

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua sepsisi. Mwongozo wa kimataifa, ambao karibu kila kozi ya video inaufundisha, unapendekeza mgonjwa aliyeshuka presha kwa sepsisi apewe maji ya mshipani yasiyopungua mililita 30 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa 3 za mwanzo. Mtu wa kilo 60 anapata karibu lita 2. Ni somo rahisi kukariri, na mhadhiri analitoa kwa uhakika kwa sababu nyuma yake kuna ICU (chumba cha wagonjwa mahututi), mashine ya kupumulia na muuguzi mmoja kwa wagonjwa wawili. Sasa soma jaribio lililofanyika hospitali kuu ya rufaa ya Lusaka na kuchapishwa mwaka 2017. Watu wazima 209 wenye sepsisi na presha ya chini, karibu tisa kati ya kila kumi wakiishi na VVU, waligawanywa makundi mawili. Waliofuata utaratibu wa maji mengi mapema, dawa za kupandisha presha na kuongezewa damu walifariki asilimia 48.1. Waliopata huduma ya kawaida walifariki asilimia 33. Utaratibu uliotarajiwa kuokoa uliongeza vifo.

Mgonjwa wa Lusaka na wa Temeke ni ndugu: amekonda, damu imepungua, huenda ana kifua kikuu kilichosambaa na hakijagunduliwa. Maji yakimjaa kifuani saa nane usiku, huna mashine ya kumwekea. Kozi ambayo haikutajii jaribio la Lusaka imekupa nusu ya somo la sepsisi, na hiyo nusu ndiyo yenye hatari. Kwenye kongamano la hapa au mkutano wa kesi wa Muhimbili, mtu atalitaja ndani ya dakika tano za mwanzo za mjadala. Kwenye video ya Boston linaweza kuwa mstari mmoja, au lisiwepo kabisa.

Homa ya uti wa mgongo ya kriptokoka, fangasi anayemshambulia mwenye kinga dhaifu, ni mfano wa pili, na hapa Dar tuna la kujivunia. Jaribio la ACTA, lililochapishwa mwaka 2018 na kuonyesha kwamba tiba fupi yenye flusitosini, dawa ya fangasi, inaokoa maisha, liliwahusisha wagonjwa wa hospitali za Dar es Salaam. Kabla yake, mwaka 2015, utafiti wa REMSTART uliofanyika Dar na Lusaka ulionyesha kuwa kuwapima kriptokoka watu wanaoanza dawa za VVU wakiwa na CD4 (seli za kinga) iliyoshuka sana, na kuwafuata majumbani wiki za mwanzo, kulipunguza vifo kwa asilimia 28. Mwaka 2022 WHO wakapendekeza amfoterisini ya liposomu dozi moja tu kubwa, miligramu 10 kwa kilo, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14. Hiyo ndiyo elimu ya wodi yetu, na sehemu yake imetoka kwa wagonjwa wetu wenyewe. Mhadhiri wa nje anaifahamu, ila kwake ni ugonjwa wa mara chache. Ataupa slaidi mbili na kuendelea na waliopandikizwa viungo. Mwalimu wa hapa atakwambia na jambo ambalo halimo kwenye slaidi: usipotoa maji ya uti wa mgongo tena na tena kupunguza presha ya kichwa, dawa hata iwe nzuri namna gani mgonjwa atakufa au atapofuka.

Halafu kuna homa. Homa tu, ya mtu mzima, siku nne, kichwa kinauma. Utafiti uliofanyika Moshi na kuchapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia watu 870 waliolazwa kwa homa, watoto na watu wazima. Asilimia 60.7 walikuwa wameandikiwa kuwa wana malaria. Waliokuwa na malaria kweli walikuwa asilimia 1.6. Wengine walikuwa na leptospirosisi, homa ya Q, homa za kupe, chikungunya, bakteria kwenye damu. Moshi si Dar, na malaria ya pwani si ya mlimani, lakini mazoea ya kuandika yanafanana.

Na kwa Dar uongeze taifodi ya Widal, kipimo cha damu cha kingamwili. Kila anayefanya kazi zahanati za Mbagala, Tandale au Gongo la Mboto anaijua karatasi hiyo: O 1/160, H 1/80, imegongwa muhuri, na ndugu wa mgonjwa ameishika kama hati ya kiwanja. "Daktari, taifodi imeonekana, tunaomba umwandikie sindano." Widal moja, bila kurudiwa, kwa mtu anayeishi mahali ambapo vimelea hivyo vimekuwepo miaka yote, haithibitishi kitu. Inapanda kwa maambukizi ya zamani, inapanda kwa vimelea wengine. Kinachothibitisha ni kuotesha damu. Lakini hata ukilijua hilo bado unahitaji ujuzi wa pili: namna ya kumweleza mama aliyelipia kipimo kwa fedha yake kwamba hutaandika sindano ya seftriaksoni, asiondoke kwako na kwenda kuinunua dirisha la tatu kutoka hapo. Kozi ya Boston haiwezi kukufundisha kukataa Widal, kwa sababu huko hawakutani nayo. Sijaona kozi ya WHO inayolifanyia zoezi. Nimeliona likijadiliwa kwa kina kwenye vikao vya asubuhi tu, bingwa mzima akiigiza sauti ya ndugu wa mgonjwa na wodi nzima ikicheka, kisha akimwambia daktari wa mafunzo: "Haya mwanangu, mjibu."

Dengue vivyo hivyo. Mlipuko wa 2014 na ule wa 2019 uliwakuta wengi wetu wakitibu malaria iliyokataa kupona. Somo la msingi linatoshea kwenye kiganja: usimchome diklofenaki, usimpe aspirini, mpe parasetamoli, na mchunguze zaidi pale homa inaposhuka kwa sababu hatari huanzia hapo. Hili kozi zote zinalifundisha sawasawa. Kinachotofautiana ni kwamba hapa diklofenaki ndiyo sindano ya kwanza ya kila maumivu, na somo lisilosema hivyo waziwazi linapita tu.

Pale ambapo ya nje inashinda

Nisije nikaeleweka vibaya. Kuna wanaosema kozi za Marekani hazitufai, wanafundisha ugonjwa wa Lyme na fangasi wa jangwa la Arizona. Ni kweli saa kadhaa zinakwenda huko, unazipeleka mbele. Lakini mazoea ya kuwaza ya mabingwa wale ni shule. Wanakufundisha kuuliza: maambukizi yako wapi, ni mdudu gani anayewezekana, nimechukua sampuli kabla ya dawa, dawa niisimamishe lini? Swali la mwisho tunalo shida nalo kubwa. Ushahidi wa miaka ya karibuni kwamba nimonia nyingi za kawaida zinatosha kwa siku 5 na maambukizi mengi ya figo kwa siku 7 haujaingia vizuri kwenye mafaili yetu. Bado tunaona siku 14 zimeandikwa kwa mazoea.

Na mji umebadilika. Upandikizaji wa figo ulianza Muhimbili Novemba 2017. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete inafungua vifua na kuweka valvu. Mashine za kusafisha damu zimeongezeka, na zimekuja na mirija inayokaa shingoni kwa wiki na miezi. Kwa hiyo maambukizi ya valvu za moyo, stafilokokasi kwenye damu, fangasi wa damu, homa ya mtu aliyepandikizwa figo, haya yaliyokuwa "ya kizungu" yameshafika Upanga. Vigezo vya Duke vya kutambua maambukizi ya moyo vilifanyiwa marekebisho mwaka 2023. Semina ya siku mbili ya hapa haitakupa undani huo. Video ya mtu ambaye ameona mamia ya kesi za namna hiyo itakupa, na utaisikiliza mara tatu.

Maabara yako ndiyo inayoamua

Kabla ya kuchagua, jiulize swali moja la aibu: damu ikioteshwa kwako, majibu yanarudi? Yanarudi siku ya ngapi? Yakija siku ya pili yakiwa na orodha ya dawa zinazomuua mdudu na zisizomuua, basi kozi ya nje inakulipa, kwa sababu sehemu kubwa ya mihadhara yake huanzia kwenye jibu la maabara. Mhadhiri anasema mdudu ni huyu, usugu wake ni huu, sasa tuchague. Kama jibu lako linakuja mgonjwa akiwa ameshatoka au ameshazikwa, mhadhara huo ni filamu nzuri tu.

Kwa asiye na maabara hiyo, nguvu iko kwenye elimu inayoanzia kitandani na kwenye vipimo vya haraka: mRDT ya malaria, jini-ekspati ya makohozi kwa kifua kikuu, kipimo cha LAM cha mkojo, nacho cha kifua kikuu, kwa mwenye VVU aliyezidiwa, kipimo cha ukanda cha kriptokoka. Vipimo hivi vinne, ukijua kumpima nani na kufanya nini jibu likitoka hasi, vinabadilisha wodi kuliko mihadhara kumi ya meropenemu, antibayotiki kali. Mafunzo ya Wizara ya huduma za VVU na kifua kikuu yanavifundisha vizuri kwa sababu ndivyo vilivyopo kwenye CTC, yaani kliniki za VVU. Mwongozo wa WHO wa antibayotiki uliotoka mwishoni mwa 2022, wenye kupanga dawa katika makundi ya kawaida, ya tahadhari na ya akiba, umeandikwa kwa kumfikiria daktari asiye na jibu la maabara. Unapakuliwa bure. Ukiusoma sambamba na Mwongozo wa Matibabu wa Taifa wa 2021 umepata kozi nzima, ila hakuna atakayekupa cheti.

Fedha, bando na foleni

Kozi kubwa ya moja kwa moja kutoka Marekani mara nyingi inazidi dola elfu moja. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni mbili, kabla hujaweka bando. Ukiamua kuifuata moja kwa moja, kumbuka saa: kipindi cha saa 2 asubuhi Boston wakati wa kiangazi chao ni saa 9 alasiri hapa, na cha jioni yao kinakukuta saa 5 usiku. Walio zamu wanajua maana yake. Nunua iliyorekodiwa, isikilize kwenye mwendokasi kati ya Kimara na Kivukoni kwa spika za masikioni, tena kwa kuiongezea kasi. Wahadhiri wengi huongea polepole.

Za bure ni za bure kweli kwa upande wa WHO. Kwenye FutureLearn na Coursera kusoma mara nyingi ni bure ndani ya muda fulani, cheti ndicho kinacholipiwa. Ubaya wao naujua kwa kuwaona wenzangu: maswali ya mwisho yanarudiwa mpaka mtu apate, na wapo wenye vyeti saba vya mlipuko wa maradhi ambao hawajawahi kuvaa na kuvua mavazi ya kinga mbele ya mtu anayewakagua. Marburg ilipothibitishwa Kagera, Machi 2023 na tena Januari 2025, ndipo watu walipogundua kuwa kuvua ndiko kugumu. Glavu za nje zinatoka kwanza au mwisho? Hilo linafunzwa kwa mikono, kwenye semina ya ana kwa ana, ukikosea unarudishwa mwanzo.

Semina za hapa zina posho, tuseme ukweli. Posho imeleta watu darasani ambao wasingekuja, na imeleta pia yule anayesaini asubuhi, akanywa chai, akaonekana tena siku ya kufunga. Zaidi ya hapo, anayechaguliwa kwenda mara nyingi si anayekaa na wagonjwa. Nilikuwa kwenye mafunzo ya kifua kikuu sugu mahali fulani ambako nusu ya safu ya mbele walikuwa watu wa ofisi, na muuguzi wa wodi ya kifua kikuu alibaki zamu. Ukipata nafasi, nenda. Lakini usiifanye ndiyo mpango wako wa mwaka, kwa maana hujui itakuja lini wala nani ataitwa.

Diploma ya Moshi na Kampala ni pauni elfu kadhaa na miezi ya kuwa nje ya kazi. Bila ufadhili na ruhusa ya mwajiri, wengi hawaifikii. Anayeifikia anapata kitu ambacho hakuna kozi nyingine hapa inayotoa: anakaa darasa moja na madaktari wa Ulaya na wa Afrika, wanapita wodini pamoja, na kwa mara ya kwanza yeye ndiye anayejua zaidi mgonjwa alivyo.

Unaweza kuuliza swali?

Video haijibu. Hilo ni jepesi kusema, uzito wake unauona ukiwa na mgonjwa. ECHO ilianza New Mexico, Marekani, mwaka 2003 kwa ajili ya homa ya ini C: bingwa mmoja aliyeko mjini, vituo vingi vya vijijini kwenye skrini, kila kikao kesi moja au mbili halisi na somo fupi. Mtindo huo umeingia hata hapa nchini, hasa kupitia huduma za VVU na kifua kikuu. Unapeleka kesi bila jina: mwanamke wa miaka 38, yuko kwenye dawa za VVU zenye dolutegraviri, wingi wa virusi haujashuka, ameanza dawa za kifua kikuu mwezi uliopita. Dakika ya tatu mtu wa Mwananyamala anakuuliza kama dolutegraviri umeiongeza iwe mara mbili kwa siku kwa sababu ya rifampisini iliyomo kwenye dawa za kifua kikuu. Hukuiongeza. Umejifunza jambo ambalo hutalisahau, na mgonjwa wako kesho anabadilishiwa dozi.

Hicho ndicho kinachoufanya mkutano wa kesi uwe juu ya vyote kwa mtu aliye kwenye hospitali ya mkoa. Kasoro zake ni mbili. Intaneti ikikatika katikati ya kesi, somo limekwisha. Na ukubwa wa mkubwa: bingwa akishasema, wadogo wananyamaza, hata pale bingwa anaposema jambo la mwaka 2010. "Shikamoo daktari" nyingi mno huua mjadala. Kikao kizuri utakitambua kwa kuwa daktari wa mafunzo anaruhusiwa kuuliza, "Samahani mwalimu, hilo mwongozo mpya unasemaje?" na hakuna anayegeuka kumtazama vibaya.

Pointi

Sehemu hii ni fupi. Daktari anahesabiwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, muuguzi na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Cheti cha Marekani kimeandikwa pointi za Marekani, na hizo si za Baraza. Uliza kwa maandishi kabla ya kulipa, siyo baada. Kikao cha kesi cha hospitali yako nacho kinaweza kuhesabiwa kama kimesajiliwa na mahudhurio yanawekwa. Hospitali ambazo hazijakisajili zinawapotezea watumishi wake pointi za bure kila wiki, na ni kazi ya mtu mmoja wa ofisi ya mafunzo kulishughulikia.

Mimi ningechagua hivi

Tabibu au daktari wa zahanati na kituo cha afya: achana na kozi ya kulipia ya nje. Soma mwongozo wa antibayotiki wa WHO sura kwa sura, sura moja kwa wiki, ukianza na nimonia, mkojo, ngozi na homa. Jiunge na kikao kimoja cha kesi cha mtandaoni. Semina ya Wizara ikija, pigania nafasi.

Daktari wa hospitali ya rufaa ya mkoa, Amana au Temeke au Mwananyamala: mkutano wa kesi ndio uti wa mgongo, na uwe unapeleka kesi, usiwe msikilizaji tu. Ongeza kozi ya bure ya matumizi ya antibayotiki, kwa sababu siku moja utawekwa kwenye kamati ya dawa ya hospitali na utahitaji lugha yake. Majarida makubwa unayapata bure kupitia mpango wa Hinari wa WHO, ulioanza 2002, kama taasisi yako imejisajili. Waulize wa maktaba, hospitali nyingi zina nywila ambayo hakuna anayeitumia.

Anayesomea ubingwa wa magonjwa ya ndani, au bingwa aliye Muhimbili, Mloganzila, Aga Khan au hospitali binafsi yenye maabara ya kuotesha: hapa kozi ya nje inafaa, hasa ukiichanga na wenzako wa idara kwa leseni ya kikundi inayoruhusiwa na mtoa kozi. Wekeni mhadhara mmoja kila Alhamisi, usimamisheni kila dakika kumi, na mtu mmoja awe na kazi ya kusema: hiki hapa hatuna, hiki tunacho, hiki ushahidi wa Afrika unapinga.

Muuguzi wa wodi: mafunzo ya vitendo ya kuzuia maambukizi kwanza, yoyote yatakayokukagua ukivaa na kuvua, ukiweka na kutoa mrija. Kozi ya bure ya WHO ya kuzuia maambukizi ifuate baada ya hapo.

Mwenye miaka miwili mitatu kazini, asiye na familia inayomtegemea sana, anayeota kuwa bingwa wa maambukizi: tafuta ufadhili wa diploma ya Moshi na Kampala. Maombi yaanze mwaka mmoja kabla, na barua ya mwajiri iwe ya kwanza kuandikwa kwa sababu ndiyo inayochelewa.

Kwa kozi yoyote unayotaka kulipia, omba ratiba ya vipindi kabla ya kutoa fedha. Tafuta humo mambo manne: VVU iliyokomaa, kifua kikuu nje ya mapafu, sepsisi katika mazingira yasiyo na ICU, na homa isiyo malaria. Ukikosa matatu kati ya hayo, na hospitali yako haina pandikizi wala valvu bandia, fedha hiyo ipeleke kwingine.